Bunduki za Twiga na Lenzi ya Mtumba

Nimekuwa kimya hapa kijiweni kwa wiki tatu, na baadhi yenu mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kublogu. Sijaacha. Nilikuwa Kilosa, halafu Mikumi, na nimerudi na hasira. Kwa hiyo leo siandiki siasa, naandika lenzi. Mkifika mwisho mtaamua wenyewe kama ni siasa au siyo.

Kisa chenyewe ni hiki. Nilitumwa kwenye mkutano wa kijiji kimoja wilayani Kilosa. Ng'ombe walikuwa wameingia kwenye mahindi, mahindi yameisha, wakulima wanataka fidia, wafugaji wanasema njia ya mifugo ndiyo iliyolimwa. Kama unadhani hii ni habari ndogo, kumbuka Rudewa Mbuyuni, Desemba 2000. Watu 38 waliuawa. Kilosa ukisikia neno "mifugo" kwenye mkutano, watu hawacheki.

Mkutano ulikuwa ndani ya darasa kwa sababu mvua ilitishia. Madirisha madogo, umeme hakuna, saa kumi na moja jioni. Viongozi wamekaa mbele kwenye meza yenye kitambaa, kama kawaida. Mara bibi mmoja, umri wa bibi yangu mzaa mama, akainuka na bua la mahindi lililotafunwa na ng'ombe, akasogea hatua mbili, akalirusha juu ya meza. Bua likagonga chupa ya maji, maji yakamwagika juu ya makaratasi. Darasa zima likanyamaza. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Nilikuwa nimeshainua kamera. Nilibonyeza.

Picha ninayo hadi leo. Ina kitambaa cha meza kinachoonekana vizuri sana. Bibi ni wingu la kanga. Bua halipo, kuna mstari tu hewani kama mtu amefuta kitu kwa kidole.

Siyo kwamba nilitetemeka, kitambaa kimetulia. Lenzi yangu ilikuwa ile 18-55 inayokuja na kamera kwenye boksi. Ukiivuta hadi 55 tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6. Nilikuwa tayari kwenye ISO 3200 na shata ikanipa 1/60. Kwa 1/60 unaweza kupiga picha ya mkuu wa wilaya akisoma hotuba. Mkono wa bibi mwenye hasira hauwezi. Kama ningekuwa na lenzi ya f/2.8, tundu lingeingiza mwanga mara nne, na shata ingepanda hadi 1/250. Hapo bua lingeonekana, na uso wa mwenye bua pia.

Habari ilitoka, na mhariri akaweka picha ya maktaba: ng'ombe, wengi, wazuri, wa mkoa mwingine kabisa. Siku mbili baadaye mzee mmoja wa kile kijiji akanipigia simu. Hakugomba. Aliniambia, "Mwanangu, habari tumeisoma, asante. Lakini hao ng'ombe siyo wa huku. Sasa wenzetu wanasema na maneno yote umeyatoa huko huko walikotoka ng'ombe." Nilikosa la kujibu. Nadhani mnaelewa kwa nini nina hasira.

Sasa tuje Mikumi. Nilishuka pale mjini kusubiri basi la Dar, nikakutana na jamaa tuliyesoma naye chuo. Naye ni mwandishi wa kujitegemea, analipwa kwa habari kama mimi. Shingoni ana bunduki. Namaanisha 70-300, mpya, ndefu, ina kofia yake mbele. Amenunua kwa mkopo. Akanionyesha pundamilia aliowapiga kutoka dirishani wakati basi likivuka hifadhi. Kwa wasiojua, barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita kama 50, kwa hiyo pundamilia, twiga na ukibahatika tembo unawaona bila kulipa kiingilio. Picha nzuri, sikatai. Nikamuuliza, "Kaka, nani atainunua?" Akacheka. Hifadhi ile ipo tangu 1964. Pundamilia wa Mkata wamepigwa picha na kila mzungu aliyewahi kumiliki kamera.

Tukiwa bado tunabishana basi likaingia. Mnaijua stendi ya Mikumi? Vijana wanakimbia na trei za mayai, karanga, maji, wananing'inia madirishani, basi halisimami vizuri, noti inadondoka, chenji inarushwa. Kijana mmoja alikimbia sambamba na gurudumu, trei kichwani, mkono mmoja juu unapokea hela kutoka dirishani, basi linaondoka. Usalama wa barabarani, ajira ya vijana, uchumi wetu, vyote ndani ya fremu moja, mita moja na nusu mbele yetu. Jamaa yangu akainua bunduki. Kwa 70 alipata sikio na kipande cha trei, tena nje ya fokasi, maana lenzi za namna ile zinataka ukae mita kama moja na nusu ndipo zianze kushika. Akarudi nyuma kutafuta nafasi, akagonga toroli la mahindi. Basi likaenda zake.

Hapo ndipo nataka kugombana na ninyi wapiga picha wenzangu. Nani aliyetudanganya kwamba picha ya tukio ni picha ya mbali? Tumeona wazungu pembeni ya viwanja vya Ulaya na lenzi nyeupe kama bomba la maji, tukaamini huo ndio uanahabari. Wale wamefungiwa nyuma ya mabango, hawaruhusiwi kusogea. Wewe uwanja wa Kilosa unasimama mpaka kwenye kamba ya goli, na kipa anakuomba maji! Habari ya Tanzania kwa sehemu kubwa iko hatua tatu mbele yako. Iko ndani ya daladala, ndani ya darasa, kwenye foleni ya zahanati. Picha za Nyololo, kule Mufindi, tarehe 2 Septemba 2012, zilizomwonyesha marehemu Daudi Mwangosi wa Channel Ten akiwa katikati ya askari, zilipigwa na mtu aliyekuwa karibu. Maelezo ya kwanza kuhusu kifo kile yalisema mambo mengine, picha zikasema jingine, na mwaka 2016 askari mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 15. Nani angethubutu kubisha maelezo yale kwa mdomo mtupu?

Basi turudi kwenye pesa, maana najua mnangoja hapo. Mshahara wa mwandishi mnaujua, na wasiokuwa na mshahara mnawajua pia. Mimi nasema nunua lenzi ya mtumba, zumu ya kawaida, f/2.8 kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Bodi ya kamera baki nayo hiyo hiyo ya zamani.

Na wakati ni huu. Tangu 2018 Canon na Nikon walipotoa kamera zao mpya zisizo na kioo, wapiga picha za harusi wenye hela wanahama mmoja mmoja, na wakihama wanauza lenzi za zamani. Yangu nimeinunua Morogoro mjini kwa mpiga harusi wa aina hiyo: Tamron 17-50 f/2.8, ile ya kwanza ya mwaka 2006 isiyo na kitulizo. Nimetoa laki tatu na nusu, ambazo ni posho na madeni niliyokuwa nawadai watu. Ni nyepesi, haifiki nusu kilo, na mota yake inalia kama cherehani. Bibi angeisikia. Lakini inashika.

Kuna watakaosema tafuta yenye kitulizo. Ndugu zangu, kitulizo kinatuliza mkono wako wewe. Hakimtulizi kijana anayekimbia na mayai. Kwa picha za tukio unalipia kitu usichokihitaji, na Tamron hiyo hiyo ilipoongezewa kitulizo mwaka 2009 wengi walilalamika kwamba ukali wa picha ulipungua kuliko dada yake. Ukiwa na hela zaidi, Sigma 17-50 ya mwaka 2010 ni nzuri na ina mota tulivu. Canon 17-55 f/2.8 ni nzuri kuliko zote hizo kwa wenye Canon ndogo, ila inavuta vumbi ndani kama feni, na Kilosa vumbi halina simile. Nikon 17-55 ya mwaka 2003 ni chuma kitupu, karibu robo tatu kilo, unaweza kujihami nayo.

Wenye Nikon mnisikilize hapa, maana hapa ndipo wajanja wanapotajirika. Kamera ndogo za Nikon, zile za familia ya D3000 na D5000, hazina mota ya fokasi ndani ya bodi. Zinategemea mota iwe ndani ya lenzi. Tamron ya 2006 kwa Nikon ilianza bila mota, baadaye ikaongezewa. Kwa nje zinafanana mno. Muuzaji wa mtandaoni hatakwambia, na mwingine hajui. Utafika nyumbani, utabonyeza, na hakuna kitakachozunguka isipokuwa kichwa chako. Wenye Canon hamna shida hiyo, mota iko ndani ya lenzi tangu mfumo wa EF ulipoanza mwaka 1987.

Ukienda kununua, nenda na kamera yako mwenyewe. Usikubali kuonyeshwa picha kwenye simu. Washa tochi ya simu, imulike lenzi kwa nyuma, chungulia. Vumbi kidogo si hoja, lakini ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui, hao ni fangasi, aga kwa heshima uondoke, hata akishusha bei. Angalia pia mapanga ya tundu kama yana mafuta, yakinata lenzi itakuumbua juani. Kisha bandika gazeti ukutani, piga kwa f/2.8 ukiwa 17, piga tena ukiwa 50, kuza picha uone kama herufi za kona ya kushoto na ya kulia zinalingana. Upande mmoja ukiwa na ukungu, lenzi imeshawahi kuanguka, hata muuzaji akiapa kwa mama yake. Halafu tokeni nje barabarani, weka fokasi ya kufuata, piga bodaboda inayokujia. Muuzaji wangu alinishangaa, akaniuliza kama nanunua lenzi au pikipiki.

Najua kuna wa upande wa pili: "Simu inatosha, mnahangaika nini?" Mchana, inatosha. Hata mimi natumia. Jioni ndani ya darasa lile, simu ingempaka bibi rangi kama katuni. Na chembechembe za ISO msiziogope, karatasi ya gazeti inazimeza. Haimezi picha iliyocheza.

Lakini ninachokasirikia zaidi ni hiki. Maofisa habari wengi sasa wana kamera bora kuliko mwandishi yeyote wa wilayani. Mkutano ukiisha wanatuma picha kwenye grupu la WhatsApp, safi, kali, mheshimiwa akitabasamu na wananchi wakipiga makofi. Mhariri ana nafasi ya safu tatu na saa moja mbele yake. Atachukua ipi, ile au wingu langu la kanga? Mwenye gazeti hanunui kamera, anasema koresponda ajitegemee. Basi anayejitegemea asipokuwa na lenzi, kitakachochapwa ni picha ya aliyenayo.

Jumamosi narudi kile kijiji, kikao kimeahirishwa kwa mara ya pili. Jamaa yangu wa Mikumi amenitumia ujumbe kuuliza kama namjua mtu wa kununua 70-300. Mwenye shida ya twiga aniandikie.