Kazi ya usiku isife kimya

Wewe unayeandika programu ukiwa Makutano, Meru, au pale Embu mjini, hebu nikuulize: ile kazi uliyoipangia cron ifanyike kila usiku, jana ilifanyika? Umejuaje?

Mimi yalinikuta. Niliandikia kikundi cha wafugaji programu ya kujumlisha lita za maziwa saa sita usiku na kuwatumia SMS. Kwenye laptopu ilienda poa. Nikaitia ndani ya kontena ya Docker, ikanyamaza siku tatu, na kwenye logi hakuna kitu. Kumbe cron niliyoweka haikurithi vigezo nilivyoipa kontena, basi hata nenosiri la hifadhidata haikuwa nalo. Malalamiko yake ilitaka kuyatuma kwa barua pepe, na ndani ya kontena hakuna wa kuipeleka! (Saa nayo ilikuwa ya UTC: saa sita yangu ingekuwa saa tisa.)

Kwa hivyo usifiche logi kwenye faili ndani ya kontena. Ukiiunda upya, zimeenda. Zielekeze /proc/1/fd/1, Docker izishike, kisha zikusanye zote mahali pamoja, kwa mfano Loki.

Utasema hayo ni ya kampuni kubwa za Nairobi. Nakataa. Mfugaji wa Runyenjes akikosa SMS hajui kontena ni nini. Anajua ameibiwa maziwa.

Na kazi iandike hata ikifaulu: lita ngapi, SMS ngapi. Siku hizi huo mstari nausoma kabla ya chai. Nisipouona, nampigia mwenyekiti kabla hajanipigia.