Kamera huharakisha jino, si mfupa
Jino la kupandikiza lina sehemu kuu mbili: mzizi wa titani unaotiwa ndani ya taya, na jino linalofungwa juu yake. Tangu mwaka 1965, Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi alipoanza kuwatibu watu kwa njia hii, msingi wake ni mmoja: mfupa hushikamana na titani. Leo kijiti cha alama hufungwa juu ya mzizi, kamera ndogo hukipiga picha kinywani, na kompyuta hulichora jino. Mgonjwa huepushwa na karaha ya kung'ata uji mzito wa kupimia. Lakini mfupa hauharakishwi na kamera. Kwa kawaida huhitaji miezi kadhaa. Basi kabla ya kupimwa, muulize tabibu: mfupa umekwishashika? Na ukishalivaa jino, lisafishe kila siku, kwani ufizi na mfupa vikiugua, hata lililopimwa kwa ustadi hulegea.