Kabla Utume Hiyo Linki, Fanya Mtihani Wako Mwenyewe

Wasee, tuongee ukweli kuhusu mitihani ya mtandaoni. Kila siku ni wanafunzi wanaibia, wanafunzi wanaibia. Sawa, wapo. Lakini mbona hakuna anayeongea kuhusu wanaotunga maswali?

Tangu shule zifungwe Machi 2020, CAT nyingi zilihamia kwa simu, na si zote zimerudi kwa karatasi. Hapa Shieywe utapata mtu ameinamia simu, saa inahesabu, bando inaisha, halafu swali lenyewe lina shida.

Mfano. Google Forms na Moodle zote zinakubali mtunzi achanganye mpangilio wa majibu, ndiyo jirani asikopi. Poa. Sasa mtunzi ameandika jibu la mwisho, "Zote hapo juu", kisha akawasha kuchanganya. Kwako linatokea la kwanza. Juu ya nini? Hapo juu kuna swali tu!

Mfano wa pili. Unaulizwa utaje msitu wa mvua ulio magharibi mwa Kenya. Unaandika "Kakamega". Jibu lililowekwa ni "Msitu wa Kakamega". Sifuri! Na huo msitu uko karibu na kwenu. Mashine haijui ulimaanisha nini, inalinganisha herufi. Na dawa iko hapo hapo: kwa Moodle unaweka majibu kadhaa sahihi, ama unaandika *Kakamega*, ile nyota inasimamia maneno mengine yoyote. Ni kazi ya dakika moja.

Najua mtasema walimu wako bize, darasa lina watu mia. Kweli kabisa. Lakini kwa karatasi, mwalimu akisahihisha anaona umejibu vizuri, anakupa maksi. Mashine haina huruma hiyo. Kosa moja linapiga darasa zima, na likibaki kwa benki ya maswali, litapiga pia wa mwaka ujao. Mahali pasi ni 40, mtu wa 38 anaenda sapu kwa sababu ya swali ambalo hakuna aliyelikagua.

Msimamo wangu ni huu: anayetunga swali awe wa kwanza kulijibu. Afungue mtihani kwa simu ndogo kama zetu, si kwa laptopu tu. Baada ya mtihani aangalie swali ambalo karibu kila mtu amekosa. Darasa lote haliwezi kulala siku moja! Akipata kosa, arekebishe jibu na asahihishe upya. Moodle ina kitufe cha hiyo kazi.

Na sisi tunaofanya? Ukiona swali halieleweki, piga picha ya skrini, mtumie mwalimu siku hiyo hiyo, kwa heshima. Kulalamika kwa grupu ya WhatsApp hakurudishi maksi.