Kukagua Si Kutukana

Kuna swali moja ambalo wauzaji wa magari yaliyotumika hulitumia kama kufuli. Mnunuzi akisema, "Naomba nije na fundi wangu alitazame," huulizwa papo hapo, "Kwani huniamini, ndugu yangu?" Na mnunuzi, kwa kuwa amelelewa kwa adabu, huona haya, akatoa fedha. Nasema wazi kwamba hiyo si adabu. Ni haya iliyowekwa mahali pasipo pake, na muuzaji anajua faida yake.

Hebu tujiulize, ndugu msomaji, haya hiyo tumeitoa wapi? Mama anayenunua nazi sokoni huitikisa sikioni asikie maji. Anunuaye mchele huchukua punje akazitafuna. Katika mnada wa Pugu, mnunuzi humkagua ng'ombe meno, akampapasa mgongo, akamtembeza aone kama anachechemea. Hakuna mwenye nazi wala mwenye ng'ombe anayelia kwamba ametukanwa. Iweje basi chombo chenye thamani ya ng'ombe wengi kinunuliwe kwa kutazama rangi na kusikiliza wasifu? "Lilikuwa la daktari." "Ni la mama mmoja, alikuwa akiendea kanisani tu." Injini haina habari na dini ya mwenyewe. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Wapo wasemao kwamba mambo ya gari ni ya mafundi, sisi wengine hatuyawezi. Hasha! Nusu ya kazi hii yataka macho na subira tu. Fika asubuhi, ushike boneti; ukiikuta ya moto, uliza kwa nini, maana injini iliyokwisha pashwa moto huficha maradhi mengi. Fungua kifuniko cha oili: ukiona uji wa rangi ya chai ya maziwa, huenda maji yamechanganyika nayo. Liwashe, utazame bomba la moshi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto, huenda ni maji yanayoingia kwenye silinda. Mita ikisema kilomita 60,000 huku mpira wa pedali ya breki umelika na usukani unang'aa kwa kushikwa, uamini mpira. Ubavuni mwa tairi tafuta tarakimu 4: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Vuta mkanda wa usalama mpaka mwisho. Ukikuta matope, yawezekana gari lilizama kwenye mafuriko. Kisha linganisha namba ya chasisi na ile iliyo kwenye kadi.

Yaliyo uvunguni, yaani breki, shokapu, na viungo vya usukani, hayo mwachie fundi. Lakini awe fundi wako, uliyemlipa wewe. Fundi aliyeletwa na dalali anakula sahani moja na dalali.

Wengine hujifariji kwamba serikali zimeshatukagulia. Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lililozidi miaka 8. Uganda ilipiga marufuku yaliyozidi miaka 15 kwa sheria ya mwaka 2018. Ni hatua njema, lakini sheria hizo zinahesabu miaka, hazilali uvunguni. Huko Japani, yanakotoka mengi ya magari yetu, gari jipya la mtu binafsi hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo hauwezi kutuambia lolote juu ya mashimo ya barabara zetu, wala juu ya oili isiyobadilishwa tangu gari liliposhuka bandarini.

Muuzaji mwaminifu hachukii kukaguliwa, kwani ukaguzi ndio shahidi wake. Anayekasirika ameshajibu. Kwa hiyo ukiulizwa kama humwamini, jibu kwa upole: "Wewe nakuamini, bwana, gari ndilo sijazoeana nalo."

Maana tuangalie anayeumia ni nani. Tajiri akiuziwa mbuzi kwenye gunia hununua mbuzi mwingine. Mwalimu mstaafu aliyetia kiinua mgongo chake chote kwenye gari la teksi hana kingine. Likifa katika mwezi wa pili, karo ya wajukuu imekufa nalo. Na breki zikikataa, huumia abiria, huumia mtoto avukaye barabara akienda shule, ambao hawakuwapo siku ya mapatano wala hawakuulizwa kama wanamwamini mtu. Hao ndio tunaowakosea adabu tunapoogopa kumwudhi muuzaji.