Bibi katoka mkanda wa jeshi, maneno yasitangulie zahanati

Iwe Kilwa Kivinje, Masoko au Lindi mjini, bibi akitokwa na malengelenge upande mmoja wa mbavu, maneno hufika kabla ya dawa. Jirani wa kwanza atasema katupiwa kitu. Wa pili hatasema, ataangalia tu, maana kichwani mwake ameshamaliza: huo ni mkanda wa jeshi, na mkanda wa jeshi ni Ukimwi. Bibi akishaliona lile jicho, anajifunga khanga na kukaa kimya ndani. Siku tatu zinapita.

Siku hizo tatu ndizo zenye thamani. Dawa ya kupambana na kirusi, asaiklova, hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee. Akichelewa, malengelenge yatakauka, lakini maumivu ya mishipa ya fahamu yanaweza kubaki miezi, na mzee ambaye hata nguo ikimgusa ubavu anaruka, halali wala hali vizuri.

Kirusi chenyewe ni kile kile cha tetekuwanga. Mtu akipona utotoni, hakitoki mwilini. Kinajificha kwenye mishipa ya fahamu na kulindwa na askari wa damu waitwao seli T. VVU hupunguza askari hao, ndiyo maana mkanda wa jeshi ukapata jina baya. Lakini umri nao huwapunguza nguvu, bila VVU yoyote. Kupima ni vyema, na wazee nao hupata VVU, ila majibu yatolewe na kipimo, siyo na jirani.

Nyuma ya mfupa wa kifua kuna tezi iitwayo thaimasi. Hiyo ndiyo shule ya seli T: huko hufundishwa kumtambua adui na kumwacha mwenye mwili salama. Tezi hii huwa kubwa utotoni, na baada ya balehe hunywea kwa kasi, nafasi yake ikajazwa mafuta. Homoni za uzazi zina mkono katika hilo. Wafugaji watanielewa haraka: tangu mwaka 1904 iliripotiwa kwamba thaimasi ya maksai hubaki kubwa kuliko ya fahali. Mtu akifika miaka 60 na kitu, shule inatoa wahitimu wachache sana. Askari waliobaki ni wa zamani. Wanawakumbuka maadui wa zamani, ila mgeni wanamchelewa, na lindo lao juu ya kirusi kilicholala linalegea.

Hapa ndipo bibi na babu wanapotofautiana. Homoni ya kike, estrojeni, kwa kawaida huzichochea seli B kutengeneza kingamwili; testosteroni ya kiume huzituliza. Kwa hiyo wanawake kwa jumla huitikia chanjo vizuri zaidi, na kwa sababu hiyo hiyo kinga yao huwageuka mara nyingi zaidi: katika wagonjwa 10 wa lupasi, karibu 9 ni wanawake. Hedhi ikikoma, estrojeni hushuka na sehemu ya faida ile huondoka. Hata hivyo, utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020, uliopima damu ya watu 172 wenye afya wa miaka 22 hadi 93, ulionyesha kuwa mabadiliko makubwa ya kinga ya uzeeni huwafikia wanaume miaka 5 hadi 6 mapema. Msichukulie hilo kama sheria ya kila ugonjwa. Mkanda wa jeshi wenyewe huwapata wanawake kidogo zaidi.

Kwa babu, mimi naogopa zaidi kifua kikuu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 waliugua wanaume milioni 5.8 na wanawake milioni 3.5. Sigara, pombe, mazingira ya kazi na uzito wa wanaume kwenda hospitali vina sehemu kubwa hapo, tusiisingizie testosteroni peke yake. Lakini vijidudu vilivyolala tangu ujana huamka kinga inapozeeka, na huamka kimyakimya. Babu anakonda, hali, anakohoa kidogo, nyumba nzima inasema "ni uzee." Usiku mjukuu wa miaka minne analala naye kitanda kimoja.

Wengi tumezoea kumpima mgonjwa kwa kiganja kwenye paji la uso. Kwa mtoto kiganja husaidia. Kwa mzee hudanganya, kwa sababu homa huanzishwa na ishara za kinga, nayo kinga imechoka. Nimonia inaweza kumpata babu bila joto kali: utaona tu leo anachanganya majina ya wanawe, amekataa uji, au ameanguka akienda chooni. Mabadiliko ya ghafla namna hiyo yanatosha kumpeleka akapimwe, na malaria ipimwe pia.

Wale wanaopita kwenye mabasi ya kusini na chupa za "kuongeza kinga" waacheni wapite. Hakuna chupa inayoirudisha thaimasi, na dawa isiyosajiliwa na TMDA hujui ndani kuna nini.

Bibi mwenye mkanda wa jeshi hawezi kumwambukiza mjukuu mkanda huo, ila majimaji ya malengelenge yanaweza kumpa tetekuwanga mtoto au mjamzito ambaye hajawahi kuugua. Afunike vipele kwa kitambaa safi, watoto walale kwingine mpaka vikauke. Vikitokea karibu na jicho au puani, aende siku hiyo hiyo, jicho linaweza kupotea. Wa Songosongo na Kisiwani wasisubiri kesho, wapande chombo cha kwanza.

Babu akikohoa wiki mbili, apimwe makohozi. Kipimo na dawa za kifua kikuu ni bure katika vituo vya serikali, na watoto anaoishi nao wachunguzwe pia. Kwa magonjwa mengine, mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo anastahili msamaha wa matibabu. Ulizeni ofisi ya kijiji au mtaa sasa hivi, kabla hajaumwa.