Mtoto wa Tumbawe na Moshi wa Bara

 

Juma hili tunazungumza na jamaa zetu wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta juu ya jambo linalodhaniwa kuwa la watu wa mwambao peke yao, nalo ni matumbawe ya baharini. Atauliza muulizaji: mtu anayeamka kila asubuhi akiitazama milima ya Sagalla ana haja gani na jiwe lililo chini ya maji? Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu kwa utaratibu.

Tumbawe huonekana kuwa jiwe, lakini jiwe hilo limejengwa na viumbe hai wadogo mno, kila mmoja akijitengenezea kikombe cha chokaa na kukaa ndani yake. Vizazi hufuatana, kikombe juu ya kikombe, mpaka mwamba mzima unasimama. Wazee wetu walijenga Mji wa Kale wa Mombasa na nyumba za Lamu kwa mawe hayo. Chini ya maji, mwamba huo huvunja nguvu ya mawimbi kabla hayajafika ufuoni, na humo hukaa na kuzaliana changu, tafi na chewa. Mama karanga anayewakaanga samaki hao na kuwasomesha wanawe kwa faida yake, riziki yake imeegemea juu ya kikombe hicho cha chokaa.

Mtoto wa tumbawe huanza maisha yake akielea, mdogo kuliko punje ya mchele. Hutafuta mwamba safi, na hupenda hasa ule uliotandwa na mwani mgumu wa rangi ya waridi. Akishapata mahali hujibandika, na hapo hahami tena maisha yake yote. Kazi yake ya kwanza ni kuweka msingi wa chokaa, na hapo ndipo taabu inapomkuta.

Hewa ya ukaa, itokayo katika mafuta ya magari, makaa ya mawe ya viwanda na misitu inayochomwa, haibaki yote angani. Takriban robo yake humezwa na bahari. Ikiingia majini hugeuka asidi, na asidi hiyo hupunguza ile malighafi ambayo tumbawe huitumia kutengeneza chokaa. Tangu viwanda vienee duniani, kipimo cha pH cha maji ya juu ya bahari kimeshuka kutoka karibu 8.2 hadi karibu 8.1. Tofauti hiyo ni ndogo kwa kuitazama, lakini maana yake ni kwamba asidi imeongezeka kwa kiasi cha asilimia 30.

Mama anayetaka kuwafahamisha watoto wake na atie ganda la yai katika bilauri ya siki. Wataona mapovu yakipanda, na kesho yake ganda limelainika na kuliwa. Bahari haijawa siki, wala haitakuwa, lakini mlango ni huohuo: chokaa na asidi haviwezi kukaa pamoja kwa amani.

Mwaka 2016 watafiti wa Australia Magharibi walichapisha habari za matumbawe wachanga waliowalea katika maji yenye hewa ya ukaa kwa kiwango kinachotazamiwa kufikia mwaka 2100, iwapo dunia haitabadili mwendo wake. Walipovipiga picha vikombe vyao kwa eksirei, walikuta chokaa ni kidogo, vikombe vina matundu, na umbo lake limepotoka. Ni kama nyumba iliyojengwa kwa saruji iliyopunjwa.

Baadhi ya watu husema kwamba matumbawe makubwa yapo, basi hapana hofu. Hawa tunawakumbusha mwaka 1998, bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe yakapauka, na sehemu kubwa ya matumbawe hai ya mwambao wa Kenya ikafa. Mwamba ulioumia namna ile hufufuliwa na watoto wanaokuja kujibandika upya. Joto huwaua wazazi na asidi huwadhoofisha watoto, na jamii iliyopatwa na misiba hiyo miwili kwa pamoja haina wa kuirithi.

Sasa turudi Voi. Kwanza, hewa haina mpaka. Moshi wa malori yanayopita mchana na usiku katika barabara ya Mombasa na Nairobi, na mti unaokatwa nyikani ukachomwa makaa, vyote huingia katika anga moja, na anga hiyo imeegemea bahari moja. Pili, maji yametuunganisha. Tangu miaka ya 1950 watu wa Mombasa wanakunywa maji ya chemchemi za Mzima, zilizo katika ardhi ya Taita Taveta. Maji ya Mzima huingia pia Mto Tsavo, nao hukutana na Athi ukawa Galana, ambao unapofika Malindi huitwa Sabaki. Wakati wa mvua Sabaki huigeuza bahari kuwa nyekundu kwa udongo, mwingi wake ukitoka bara ya juu. Udongo huo ukitanda juu ya mwamba, mtoto wa tumbawe hapati pa kujibandika.

Ni lazima tuseme kwa uadilifu kwamba jiko la mama wa Voi silo lililoitia bahari asidi. Mzigo mkubwa ni wa mataifa tajiri yaliyochoma mafuta na makaa ya mawe kwa zaidi ya karne moja, na sharia yetu inajua kwamba aliyedhuru ndiye wa kwanza kutakiwa kuondoa dhara. Viongozi wetu waendao katika mikutano ya dunia wana wajibu wa kulidai hilo bila haya. Lakini udogo wa fungu letu haututoi katika amana. Katika Suratu Rahman zimetajwa lulu na marijani miongoni mwa neema za bahari, na mwanzoni mwa sura hiyohiyo imetajwa mizani, tukakatazwa kuipunja. Mizani hiyo haikuwekwa kwa ajili ya muuza sukari peke yake.

Basi kila nyumba na ifanye lililo katika uwezo wake. Mwenye shamba mlimani na aweke makingamaji, udongo usichukuliwe na mvua. Mwenye uwanja na apande mti, kwani tumefundishwa kwamba akila humo ndege, mtu au mnyama, mpandaji huandikiwa sadaka. Mwenye kupata jiko linalotumia makaa machache na alitumie: ataokoa mti, fedha yake, na vifua vya wanawe wanaokaa karibu naye jikoni. Na walimu wa madrasa wawafundishe watoto kwamba kukitunza kiumbe asichokiona mtu kwa macho yake ni katika ucha Mungu.

Tunamwomba Mola atujaalie kuwa warithi wema wa ardhi Yake na bahari Yake, na awahifadhi wachanga wote, wa nchi kavu na wa majini. Wabillahi tawfiq.