Orodha ya vyuo vyenye idhini: Inamlinda nani?

MEI 22, 2025, Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani ilitangaza kukifutia Chuo Kikuu cha Harvard idhini ya kupokea wanafunzi wa kigeni. Wakati huo chuo hicho, kilichoanzishwa mwaka 1636, kilikuwa na wanafunzi wa kigeni wapatao 6,800, zaidi ya robo ya wanafunzi wake wote. Kwa tangazo moja, vijana hao waliambiwa watafute chuo kingine au wapoteze uhalali wa kuishi nchini humo.

Siku iliyofuata, Jaji Allison Burroughs wa Mahakama ya Shirikisho mjini Boston alisimamisha uamuzi huo kwa muda, na Juni 20 mwaka huo akatoa zuio la muda hadi kesi ya msingi itakapoamuliwa. Masomo hayakukatika. Hata hivyo, siku hizo chache zilitosha kufichua jambo ambalo wazazi wengi, wa Dar es Salaam na Nairobi wakiwamo, hawakuwa wamelitilia maanani.

Jambo lenyewe ni kwamba jina kubwa la chuo si kinga. Kinachomwezesha mwanafunzi wa kigeni kusoma Marekani ni idhini ambayo serikali humpa mwenye chuo, na ambayo serikali hiyo hiyo inaweza kujaribu kuichukua. Anayepewa idhini ni chuo. Anayepoteza zaidi inapoondolewa ni mwanafunzi.

Suala hili linagusa watu wengi. Katika mwaka wa masomo wa 2023/24, vyuo vya Marekani vilikuwa na wanafunzi wa kigeni 1,126,690, kwa mujibu wa takwimu za kila mwaka za Open Doors. Kila mmoja wa wale wanaoshika visa ya masomo alipita katika mlango huo huo wa chuo chenye idhini.

Chimbuko la orodha

Ili kuelewa orodha hiyo inamlinda nani, ni vyema kurejea ilikotoka. Kabla ya mwaka 2001, Marekani ilikuwa na utaratibu wa kuidhinisha shule kupokea wageni, lakini haukuwapo mfumo madhubuti wa kujua kama mgeni aliyepewa visa alifika darasani.

Hani Hanjour, mmoja wa watekaji nyara wa ndege za Septemba 11, 2001, aliingia nchini humo Desemba 2000 kwa visa ya mwanafunzi. Alitakiwa kusoma Kiingereza katika shule moja ya California. Hakuripoti kamwe.

Fedheha kubwa zaidi ilikuja Machi 2002. Miezi sita baada ya mashambulizi, barua za Idara ya Uhamiaji ziliwasili katika shule ya urubani mjini Venice, Florida, zikiarifu kwamba Mohamed Atta na Marwan al-Shehhi wamekubaliwa kubadili hadhi zao na kuwa wanafunzi. Wote wawili walikuwa wamekufa katika ndege walizozielekeza kwenye majengo pacha ya New York.

Idara hiyo ilivunjwa mwaka 2003, majukumu yake yakahamishiwa katika Wizara mpya ya Usalama wa Ndani. Mwaka huo huo kanzidata ya SEVIS, inayofuatilia kila mwanafunzi wa kigeni, ilianza kutumika kwa lazima. Mpango wa kusimamia shule, uitwao SEVP, uliwekwa chini ya ICE, chombo kinachokamata na kuwarudisha kwao wahamiaji wasio na vibali. Haukuwekwa chini ya Wizara ya Elimu.

Mahali ulipowekwa mpango huo panaeleza mengi. Orodha ya vyuo vyenye idhini ilizaliwa kama chombo cha ulinzi wa mpaka. Haikuundwa ili kumhakikishia mzazi wa Tandika au Kisumu kwamba ada yake italeta elimu bora.

Utaratibu wenyewe

Shule inayotaka kupokea wageni hujaza fomu I-17, hulipa ada ambayo tangu mwaka 2019 ilipandishwa hadi Dola 3,000, kisha hukaguliwa kuthibitisha kwamba ipo, ina majengo, ina walimu na inafundisha. Idhini hiyo huhakikiwa upya kila baada ya miaka miwili.

Ikishaidhinishwa, shule huteua maofisa wa kuingiza taarifa katika SEVIS na kutoa fomu I-20, hati ambayo bila hiyo hakuna visa ya F-1 kwa masomo ya kitaaluma wala M-1 kwa mafunzo ya ufundi. Mwanafunzi naye hulipia SEVIS Dola 350, kiwango kilichopandishwa kutoka Dola 200 mwaka 2019, kabla ya kulipa ada ya maombi ya visa na kwenda kuhojiwa ubalozini.

Idhini hiyo ina mipaka yake. Shule za msingi za umma haziruhusiwi kuandikisha mwanafunzi mwenye visa ya F-1. Sekondari za umma zinaruhusiwa, lakini kwa muda usiozidi miezi 12, na familia sharti ilipe gharama kamili za masomo. Shule binafsi hazibanwi na sharti hilo, ndiyo maana nyingi hutangaza nafasi zake katika nchi za nje.

Kilicho muhimu ni kutofautisha idhini na ithibati. Idhini hutolewa na idara ya uhamiaji na maana yake ni kwamba shule inaruhusiwa kutoa I-20. Ithibati hutolewa na vyombo vya kitaaluma na maana yake ni kwamba shahada itatambuliwa na vyuo vingine na waajiri. Shule inaweza kuwa na ya kwanza bila ya pili. Kanuni ziliruhusu chuo kisicho na ithibati kuleta barua za vyuo vitatu vyenye ithibati vinavyokubali kuwapokea wanafunzi wake. Kwa shule za lugha ya Kiingereza, mwanya huo ulizibwa kwa sheria iliyotiwa saini Desemba 2010, inayozitaka ziwe na ithibati.

Mwanya uliotumiwa

Chuo cha Tri-Valley cha Pleasanton, California, kilipitia mwanya huo huo. Kilipata idhini mwaka 2009, na upelelezi ulibaini kwamba barua kilizowasilisha zilikuwa za uongo. Kufikia Januari 2011, kilipovamiwa na maofisa wa serikali, kilikuwa kimeandikisha wanafunzi zaidi ya 1,000, wengi wao kutoka India. Kwa mujibu wa kumbukumbu za mfumo, zaidi ya nusu yao walikuwa wakiishi katika nyumba moja ya kupanga mjini Sunnyvale. Mwanzilishi wake, Susan Xiao-Ping Su, alihukumiwa mwaka 2014 kifungo cha zaidi ya miaka 16.

Mahakama ilimwadhibu mhusika mkuu, lakini wanafunzi walibaki na mzigo wao. Baadhi walivalishwa vifaa vya ufuatiliaji miguuni, jambo lililoibua hasira kubwa nchini India. Wapo waliokuwa wamenunua visa wakijua wanachofanya, na wapo waliodanganywa. Mfumo ulikuwa na njia chache za kuwatenganisha.

Kisha serikali yenyewe ikaingia katika biashara hiyo kama mtego. Chuo Kikuu cha Northern New Jersey, kilichofichuliwa Aprili 2016, kilikuwa kimeundwa na maofisa wa usalama ili kuwanasa mawakala, 21 walikamatwa. Januari 2019 ikafuata habari ya Chuo Kikuu cha Farmington, Michigan, ambacho nacho kilikuwa cha kubuni. Hakikuwa na madarasa wala wahadhiri, lakini kilikuwa na nembo, tovuti na nafasi katika orodha rasmi ya vyuo vyenye idhini.

Waendesha mashtaka walisema wanafunzi wapatao 600 walioandikishwa huko walijua hakuna masomo na walitaka tu kubaki Marekani. Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa, kwani mtu anayelipa ada kwa miezi bila kuona mwalimu ana maswali ya kujibu. Lakini ada ilikuwa imepokelewa na chuo cha serikali, na mwanafunzi mmoja aliyelipa Dola 12,500 aliishtaki serikali akidai kwamba alilipia elimu asiyopewa. Juni 2024, mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua kwamba madai hayo yanaweza kusikilizwa.

Kwa mzazi aliye mbali, fundisho ni chungu. Ushauri unaotolewa siku zote ni kwamba ahakiki jina la chuo katika orodha rasmi. Aliyehakiki Farmington alilikuta jina hilo.

Si Marekani peke yake

Uingereza ilikwishapita njia hiyo hiyo. Agosti 2012, Chuo Kikuu cha London Metropolitan, taasisi ya umma, kilinyang'anywa leseni ya kudhamini wanafunzi kutoka nje ya Ulaya baada ya maofisa kudai kwamba usimamizi wa mahudhurio na viwango vya Kiingereza ulikuwa hafifu. Wanafunzi zaidi ya 2,000 walijikuta na siku 60 za kutafuta chuo kingine. Mahakama Kuu iliwaruhusu waliokuwa na uhalali kuendelea na masomo, na chuo kilirejeshewa leseni mwaka 2013. Kilichotofautisha tukio hilo na yaliyotangulia ni kwamba waliokuwa darasani walipewa muda wa kujinusuru.

Kanada nayo, ambayo tangu mwaka 2014 ina orodha yake ya vyuo vilivyoteuliwa, iligundua kwamba orodha pekee haitoshi. Mwaka 2023 ilibainika kwamba mawakala waliwatumia wanafunzi wa India barua bandia zenye majina ya vyuo halali. Desemba mwaka huo serikali ikaamuru kila barua ya kukubaliwa ihakikiwe moja kwa moja na chuo kilichoitoa, na Januari 2024 ikatangaza ukomo wa idadi ya vibali vya masomo.

Afrika Mashariki inahusikaje?

Kwa Watanzania, mjadala huu ulichukua sura mpya mwishoni mwa mwaka 2025. Tamko la Rais Donald Trump la Desemba 16 mwaka huo liliiweka Tanzania miongoni mwa nchi ambazo raia wake walisitishiwa aina kadhaa za visa, zikiwamo F, M na J za wanafunzi na programu za kubadilishana, kuanzia Januari 1, 2026. Burundi ilikuwa imewekewa masharti ya aina hiyo tangu Juni 2025. Matamko hayo hayakufuta visa zilizokwisha kutolewa, lakini yalionyesha kwamba hata chuo chenye idhini safi na ithibati safi hakiwezi kumfungulia mwanafunzi mlango ambao Ikulu ya Washington imeufunga.

Kenya nayo ina kidonda chake, ingawa hicho kilitokea kabla hata mwanafunzi hajafika ubalozini. Mamia ya familia za Kaunti ya Uasin Gishu zililipa fedha katika mpango wa kupeleka vijana vyuo vya Finland na Kanada. Vyuo vilikuwapo na vilikuwa halali, lakini wazazi walilalamika kwamba fedha hazikufika. Agosti 2023, aliyekuwa gavana wa kaunti hiyo na wenzake walifikishwa mahakamani kuhusu zaidi ya Sh1 bilioni za Kenya. Walikana mashtaka.

Matukio haya yakiwekwa pamoja, yanaonyesha kwamba hatari iko katika sehemu nne tofauti: chuo, wakala, njia ya malipo na serikali ya nchi mwenyeji. Orodha rasmi hujibu swali moja tu, nalo ni kama chuo kinaruhusiwa kutoa hati ya kuombea visa.

Maswali mengine yanabaki kwa familia. Ithibati ya chuo imetolewa na nani, na je, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) au Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya itaitambua shahada hiyo kijana atakaporudi? Ada inalipwa moja kwa moja katika akaunti ya chuo, au inapitia mkononi mwa mtu? Visa ikikataliwa, kiasi gani kinarudishwa, na sharti hilo limeandikwa wapi? Chuo kikipoteza idhini katikati ya mwaka, kimeahidi nini kwa waliokwisha kuanza?

Swali la mwisho ndilo linaloulizwa mara chache zaidi, na Harvard imeonyesha kwamba si la vyuo vya vichochoroni peke yake.

Serikali zinazopokea wanafunzi zina haki ya kujua nani anaingia na anafanya nini. Baada ya Septemba 11, hakuna anayeweza kuishangaa Marekani kwa kutaka kumbukumbu zilizonyooka. Lakini haki hiyo inakuja na deni. Serikali inapoweka jina la chuo katika orodha yake, inamwalika mgeni auze kiwanja, akope na asafiri kwa kuliamini jina hilo. Inapolifuta, haki inataka aliyekuwa ameketi darasani kwa nia njema apewe muda wa kumaliza au kuhama bila kugeuzwa mkosaji.

Hadi pale kinga hiyo itakapoandikwa wazi katika sheria za nchi zinazopokea wanafunzi, idhini itaendelea kuwa mkataba kati ya serikali na chuo, huku mwenye kulipa ada akiwa nje ya meza.